Ombasha Abdelrahim na Moshi wa Miaka Ishirini na Moja

Jumatano hii, tarehe 31 Oktoba 1951, Ombasha Abdelrahim Farajalla wa Makina, Kibra, anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Matembezi ya Nyika kwa miaka ishirini na moja na miezi minane. Katika muda huo amewaongoza wageni wa safari za siku moja, kwa gari na kwa miguu, mara elfu tatu na ushee, na wote amewarudisha na viungo vyao vyote. Bwana mmoja tu alirudi bila meno, na hayo meno yalikuwa ya bandia, yakachukuliwa na nyani.

Mimi ninayeandika ni Waithaka wa Kihara, karani wa kampuni, mkazi wa Riruta. Meneja aliniagiza ukurasa mmoja wenye heshima wa kusomwa kwenye sherehe. Niliuandika wiki iliyopita, heshima tele, mpaka mwenyewe nikasinzia. Kisha ikaja Jumamosi, na yaliyotokea Jumamosi yakaufanya ukurasa wangu kuwa uongo mtupu. Nimeupasua. Huu hapa ni mwingine, na heshima iliyobaki humu ni ile anayostahili kweli.

Ombasha alizaliwa Kibra, mtoto wa askari wa Kisudani aliyepewa ruhusa ya kukaa humo msituni baada ya kutumika jeshini. Naye akaingia jeshi la Keya kama baba yake, akapata cheo cha ombasha, yaani koplo, na alipotoka jeshini cheo hakikumtoka mwilini. Alipoajiriwa hapa Machi 1930 aliambiwa kazi yake ni kuwatembeza wageni kando ya mto na kuwaonyesha wanyama. Yeye alielewa kwamba amepewa kikosi.

Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyetembea ovyo. Walipangwa mstari kwa urefu, wafupi mbele. Walihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mabibi kwa mabwana, kabla ya kushuka mtoni na baada ya kupanda. Aliwakagua viatu. Jaji mmoja aliyecheka mstarini aliwekwa mwisho kabisa na kubebeshwa kapu la mikate mpaka saa kumi, na jioni alimshika Ombasha mkono akasema hajawahi kufurahi hivyo tangu afike nchi hii. Wageni walipenda sana kuamrishwa. Sijui kwa nini, maana sisi wengine tunaamrishwa kila siku na hatulipendi jambo lenyewe.

Katika mwaka wake wa pili alitokea kifaru jike pale kivuko cha Mbagathi. Tulimwita Kodi, kwa sababu lazima kila mtu akutane naye, hasikilizi sababu, na kujificha nyuma ya nyumba hakusaidii. Kila gari lililofika kivukoni Kodi alilisimamisha. Alinusa magurudumu, akanusa milango, akawanusa wageni mmoja mmoja. Hapo Ombasha alishuka, akaenda mbele peke yake bila bunduki, akainua mkono. Kodi alinusa mkono wa koti, akashusha kichwa, akapisha njia. Wageni walisema kifaru amepiga saluti. Ombasha, mtu wa adabu, aliirudisha saluti. Kampuni ikachapisha picha ya tukio hilo kwenye matangazo yake, na Ombasha akaibandika moja sebuleni kwake, juu ya cheti chake cha jeshi.

Sasa lazima nimtaje mtu ambaye katika ukurasa wangu wa kwanza sikumtaja hata mara moja, na aibu ni yangu. Ni Bi Bakhita, mke wa Ombasha.

Wanubi wa Kibra, uzao wa askari hao wa Kisudani, hufukiza nguo. Kila alfajiri Bi Bakhita huweka mkaa kwenye chetezo, hutia bakhuri aliyoichanganya mwenyewe kwa sandali, karafuu, sukari na vitu ambavyo hamwambii mtu, hupindua kapu juu yake, na juu ya kapu hutandaza koti la mumewe mpaka moshi uingie kila mshono. Kwao mwanamume kutoka nyumbani bila harufu ni sawa na kutoka bila kunawa uso. Jirani atauliza kama mkewe anaumwa. Ombasha alivaa koti hilo kila siku ya kazi, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba moshi una uhusiano wowote na kifaru. Tulidhani ni cheo.

Mwaka 1938 Bi Bakhita alipanda treni kwenda Bombo, Uganda, kwenye harusi ya mdogo wake, akakaa siku tisa. Siku ya kwanza Kodi alilinusa koti la Ombasha, akarudi nyuma hatua tatu, na hazikuwa hatua za adabu. Wageni walishinda juu ya paa la gari mpaka jua likaegemea Ngong. Siku ya pili vivyo hivyo. Meneja akaitisha mkutano, na mkutano ukaona kosa ni la tarbushi mpya ya Ombasha. Ikatafutwa ya zamani, ikapatikana kuku akiitagia. Haikusaidia, wala kuku hakufurahi. Siku ya tano akalaumiwa Thuo, dereva wetu wa Kawangware, kwa kuimba akiendesha. Thuo akanyamaza, Kodi akatoboa gurudumu la akiba. Siku ya nane Meneja aliamuru Ombasha anyoe masharubu. Ombasha hajawahi kukataa amri maishani mwake. Alinyoa, na nilimwona akiyatazama pale chini kama mtu aliyefiwa.

Siku ya kumi Bi Bakhita alirudi, akalinusa koti mlangoni, akamwambia mumewe asiingie nalo. Alilifukiza mara mbili. Kesho yake Kodi alishusha kichwa na kupisha njia kana kwamba hakukuwa na ugomvi. Ni Thuo, mwenye pua kuliko sisi sote, aliyesema pale pale kwamba mnyama huyu hamjui Ombasha, anajua moshi. Ombasha alikubali kwamba moshi husaidia, kama vile bendi inavyosaidia gwaride, lakini anayepigiwa saluti ni afisa wala si tarumbeta. Hilo aliliamini kwa dhati, na hatukuwa na moyo wa kumbishia.

Basi Meneja akatoa amri mpya: makoti yote kumi na mawili ya kampuni yafukizwe, na mito ya viti, na mablanketi, na bendera. Kazi hiyo yote ilipelekwa kwa Bi Bakhita, ambaye hakuwa kwenye orodha ya wafanyakazi, hakuwa na koti, na hakuna aliyemuuliza. Nyumba ya Makina ikaanza kutoa moshi wa harusi kila siku. Watu wa Kibra wana pua; walianza kuja wakiwa wamevaa vizuri. Wengine walikaa na kungoja chakula. Mzee mmoja wa kijiji cha Lindi, hapo hapo Kibra, alifika na mbuzi wa zawadi, akauliza bwana harusi ni yupi. Ombasha hakutaka kumwaibisha mgeni, akasema ni yeye. Bi Bakhita bado analizungumzia jambo hilo.

Meneja alipogundua kwamba usalama wa kampuni nzima umo ndani ya kapu la mwanamke mmoja, aliingiwa na hofu. Alinunua ubani wa Bazaar na kujaribu kufukiza mwenyewe. Kodi alinusa mara moja tu, kisha akapitisha pembe kwenye rejeta ya gari. Hapo Meneja akanituma Makina nikaandike jinsi bakhuri ya Bi Bakhita inavyotengenezwa. Nilikaribishwa kwa gurusa, chapati zao laini, na kahawa ya tangawizi, nikafungua daftari, na Bi Bakhita akaniambia kwa upole kabisa:

"Mwanangu, mtu hapikii mgeni ambaye hajamwona. Nionyesheni huyo mnayemsema, halafu tutaongea."

Jambo dogo, mtu angedhani. Lakini kanuni ya kampuni ilisema watakaopanda gari ni wageni wenye tikiti na wafanyakazi walio kwenye orodha. Tikiti haikuuzwa kwa watu wa Kibra, na orodha haikuwa na nafasi ya mwanamke. Kwa nini ilikuwa hivyo si kazi yangu kueleza hapa, kwa kuwa Meneja husomewa karatasi hizi. Miaka kumi na mitatu ikapita hivyo hivyo, kampuni ikitaka siri na mwenye siri akitaka kumwona kifaru.

Aliyeumia ni Ombasha. Siku aliyoajiriwa, alipovaa koti kwa mara ya kwanza, alimwahidi mkewe kwamba siku moja atampeleka kuona. Kutoka mlangoni kwao, simba akiunguruma ng'ambo ya msitu, Bi Bakhita humsikia, na kila mara humuuliza mumewe yule ni yupi. Ombasha humtajia. Amemtajia simba wote kwa majina, pamoja na twiga na mkondo wa mto na mti wanapopumzikia wageni, na mkewe hajaona hata unyoya wa mbuni, ilhali ni mwendo wa asubuhi moja. Lakini hakuna aliyempa Ombasha amri ya kumpeleka, na bila amri hawezi. Watu humcheka kwa hilo. Mimi nimewahi kumcheka.

Wiki iliyopita nilimkuta stoo akikunja mablanketi ya kukabidhi. Alikunja moja mara tatu, halikumridhisha. Akasema bila kunitazama:

"Waithaka, Jumatano narudisha koti. Kutoka hapo mimi ni mtu wa nje, na yeye ni mtu wa nje. Miaka ishirini na moja nimemdanganya mke wangu."

Nilisikia uchungu sana. Nilirudi mezani kwangu, nikakaa, nikavitazama vitabu vya kampuni kimoja kimoja. Kipo kitabu cha wageni, kina kanuni zake. Kipo cha wafanyakazi, kina kanuni zake. Na kipo kitabu cha vifaa, ambacho hakina kanuni yoyote, isipokuwa kwamba kila kifaa kinachotoka kiandikwe, kiwe na namba ya rangi nyeupe, na kirudi jioni kikiwa na hali kiliyotoka nayo. Kwenye safari ya mwisho ya Ombasha, Jumamosi tarehe 27, nikaandika kwa mwandiko wangu bora kabisa: chupa za chai, nne, sanduku la dawa, moja, chetezo, kimoja, mshika chetezo, mmoja, hali nzuri. Meneja alitia sahihi. Yeye hutia sahihi kabla ya kifungua kinywa. Nikamwambia Ombasha kwamba amri imetoka na ina sahihi, akapiga visigino pamoja pale pale stoo.

Bi Bakhita alifika saa kumi na mbili na nusu amevaa gurbaba mpya ya rangi ya machungwa, chetezo mkononi na tabaga ya kufunikia chakula kichwani. Matatizo yalianzia getini petu. Ng'ang'a, mlinzi wa geti, ni mtu wa kitabu. Alihesabu chupa, akahesabu sanduku, akafika kwa Bi Bakhita, akatafuta namba. Hakuiona. Akasema kwa heshima zote kwamba mama haendi popote bila namba, maana akipotea yeye ndiye atakayeulizwa. Thuo alikuja na kopo la rangi. Bi Bakhita alimtazama Thuo, na Thuo akaificha brashi nyuma ya mgongo. Mwishowe tulikubaliana namba ipakwe kwenye tabaga, na Bi Bakhita akawa rasmi K.M.N. 14.

Kanuni nyingine, ambayo Ng'ang'a aliikumbuka kwa masikitiko, inasema vifaa havikai kwenye viti. Hukaa nyuma, pamoja na gurudumu la akiba. Bi Bakhita alisema hajavaa gurbaba mpya ili akae na gurudumu. Wageni saba walikuwa wameshapanda na walikuwa wakitazama. Ombasha alishuka kwenye kiti chake cha mbele, kiti alichokikalia tangu gari hilo linunuliwe, akamsaidia mkewe kupanda, na yeye akazunguka nyuma akakaa juu ya gurudumu, tarbushi wima, mikono magotini. Tulitoka hivyo. Mimi nilikuwemo kwa sababu kifaa kipya kinahitaji karani wa kukikagua, na hilo pia nililiandika mwenyewe.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Bi Bakhita alitazama kila kitu kama mtu anayehakiki barua aliyosomewa na mwingine. Alipoona twiga alisema ni kweli. Alipoona mti wa kupumzikia alisema ni kweli, ila kivuli chake ni kidogo kuliko alivyoambiwa. Tuliposhuka kutembea Ombasha aliwapanga wageni, wakahesabu mpaka saba, kukawa kimya. Alimwomba mkewe aingie mstarini. Bi Bakhita akamjibu kwamba yeye ni kifaa, na vifaa havihesabu. Katika miaka yangu yote hapa ni mtu pekee niliyemwona akimkatalia Ombasha amri, na Ombasha akapuliza filimbi na kuanza kutembea.

Tulifika kivukoni saa tano. Kodi alikuwa amesimama katikati ya njia, kama siku zote, masikio yakizunguka. Wageni wakaganda. Ombasha akavuta koti lake, akaenda mbele, akasimama mahali pake pa miaka yote, akainua mkono.

Kodi alimpita.

Alimpita kama anavyopita kichaka, hata mkono wa koti hakuunusa. Akaupita mstari wote wa wageni, ambao walikuwa wameshaanza kusali kwa madhehebu tofauti, akanipita mimi, na kwa kweli nami nilikuwa nikisali, akaenda moja kwa moja mpaka mwisho, aliposimama Bi Bakhita na chetezo chake kikitoa moshi. Hapo akashusha kichwa mpaka pembe ikagusa vumbi. Akatulia. Akapumua kwa nguvu, moshi ukayumba.

Bi Bakhita alimtazama muda mrefu, kuanzia masikio mpaka miguu.

"Huyu ndiye?" akasema. "Nilidhani ni mkubwa kuliko hivi. Na amekonda."

Niligeuka nikamtazama Ombasha. Mkono wake ulikuwa bado juu. Aliushusha polepole, akaja akasimama kando ya mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue mabega yake hayakuwa ya kijeshi. Nilimhurumia mpaka nikatazama mto. Alisema kwa sauti ndogo kwamba miaka yote alidhani mnyama huyu anamsalimu yeye.

"Alikuwa ananisalimu mimi," Bi Bakhita akamwambia. "Wewe ulikuwa unaleta salamu. Na hukupoteza hata moja."

Ombasha alilia. Sioni sababu ya kuficha. Wageni walilia pia, ingawa nadhani baadhi yao walikuwa bado wanaogopa. Kisha akajifuta, akasimama sawasawa, akapiga saluti, na safari hii hakumpigia kifaru. Tulirudi garini Bi Bakhita akiwa mbele na Kodi akimfuata nyuma taratibu, kama mbuzi anayejua njia ya nyumbani, na sisi wengine tukiwafuata kwa mstari, wafupi mbele.

Jumatatu Meneja alimwita Bi Bakhita ofisini. Alikumbusha kwamba sharti limetimizwa, sasa siri iandikwe. Mimi nilikaa na kalamu mkononi. Bi Bakhita alisema kwamba sasa amemwona mgeni wake, na mgeni wa namna ile haachiwi mtu mwingine ampikie; atampikia mwenyewe. Meneja alitazama dirishani, nadhani akiwaza rejeta. Kwa hiyo wenzangu mtambue kwamba kuanzia Alhamisi tarehe 1 Novemba Bi Bakhita anaingia kwenye orodha ya wafanyakazi. Nafasi haikuwepo, niliichora kwa rula.

Basi turudi kwa mstaafu wetu. Asante, Ombasha, kwa wageni uliowapanga, kwa mablanketi uliyoyakunja, kwa masharubu uliyoyatoa kwa ajili ya kampuni. Asante kwa kuzileta salamu bila kuzipunguza, mvua na jua, kutoka Makina mpaka Mbagathi na kurudi. Mbuga tutaitunza, na mstari tutajaribu kuunyoosha.

Zawadi yako kutoka kwetu sote ni kiti cha kukunja, cha kupumzikia barazani. Najua jana ulimuuliza Thuo kwa siri kama kiti cha namna hiyo kinaweza kutosha nyuma ya gari, kando ya gurudumu. Kinatosha, tulipima. Na ukipita mezani kwangu Alhamisi asubuhi utakuta kitabu cha vifaa kimefunguliwa, wino umeshakauka: chetezo, kimoja, tabaga, moja, kiti cha kukunja, kimoja, mume, mmoja, K.M.N. 15, hali nzuri. Maisha yako yawe mema na marefu, Ombasha, na jioni urudishwe kama ulivyotoka.